Hema, Magofu na Maji Kupwa: Likizo Yetu kutoka Bagamoyo hadi Tanga

Familia nyingi zikienda pwani huigawa siku mafungu mawili. Asubuhi ni zamu ya wakubwa: boma, msikiti wa kale, makumbusho, huku watoto wakiburutwa juani. Alasiri ni zamu ya watoto: maji, mchanga na mpira. Likizo ya mwezi wa sita sisi tuliamua tusigawe. Tulifunga mahema mawili juu ya gari, tukatoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, Saadani, Ushongo, Pangani, hadi Tanga, na kila tulipofika tulilala mahali ambapo bahari inasikika. Nilitaka watoto waijue miji ile kwa kupitia vitu viwili vilivyoizaa, maji na upepo, na niliamini kwamba mtu aliyelala karibu na maji atayaelewa magofu kuliko aliyeshuka kwenye gari, akapiga picha na kuondoka.

Tulikuwa mimi na mume wangu, binti yetu wa darasa la sita, mdogo wake wa kiume wa darasa la pili, na mama mkwe wangu, ambaye wote nyumbani tunamwita Bibi. Bibi alizaliwa Pangani, akaolewa bara, na ilikuwa imepita miaka mingi bila kulala karibu na maji. Mume wangu alikuwa ameshaandika orodha ya vituo na kilomita. Bibi aliisikiliza yote, kisha akauliza, "Siku hizo mwezi utakuwa umefikia wapi?"

Swali hilo ndilo lililotupangia safari. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haipandi juu. Kwenye mwambao wetu siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Ukishalijua hilo, unajua siku gani asubuhi ni ya kutembea na siku gani ni ya kuogelea, na hakuna mtoto atakayenuna kwa sababu amefika ufukweni akakuta tope tupu. Tukaondoka mwezi ukiwa mpevu.

Bagamoyo tulipata nafasi ya mahema ndani ya uzio wa nyumba ya wageni iliyo karibu na ufukwe, penye mlinzi na bomba la maji. Mji wenyewe ni salama na watu wake wakarimu, lakini kulala ufukweni peke yenu pasipo na mtu wa kuwaangalia sikushauri mahali popote pwani. Asubuhi ya kwanza kijana wetu alitoka kwenye hema akakuta bahari haipo. Pale alipoyaacha maji jioni palikuwa na uwanda wa mchanga na tope unaong'aa, mashua zimelala ubavu, na kina mama wanarudi na ndoo.

"Bibi, shikamoo. Bahari imeenda wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Imekupwa. Mchana itarudi, wewe tembea tu."

Tukatembea sote, viatu mkononi, mbali sana, na maji hayakutufika magoti. Kisha tukapanda mjini kwenye Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1897. Mume wangu akawaeleza watoto kwamba Wajerumani walianza utawala wao hapa Bagamoyo, kisha mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam. Binti akauliza sababu. Kabla baba yake hajafungua kinywa, mdogo wake akajibu, "Meli kubwa ingekwama kwenye tope." Jibu ndilo hilo. Bandari ya Bagamoyo ina kina kifupi, inafaa majahazi yanayoweza kulala mchangani maji yakikupwa, lakini meli za mvuke zilihitaji kina kama cha Dar es Salaam. Mtoto wa darasa la pili alilipata kwa sababu saa moja kabla alikuwa amesimama palepale meli zingekwama.

Niliposikia jibu lile nilijua mpango wetu unafanya kazi, na kuanzia hapo kila mji tuliufuata kwa utaratibu huo: kwanza maji, kisha mawe.

Kaole iko mwendo mfupi kusini mwa Bagamoyo, kama kilomita 5. Hapo kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja ukiwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Watoto waligundua wenyewe kitu cha kwanza: bahari haionekani. Mbele ya magofu kuna msitu wa mikoko. Mji wa biashara uliojengwa kwa ajili ya majahazi, leo hausikii hata wimbi. Kwa karne nyingi tope lilijaa, mikoko ikaota juu yake, maji yakawa mbali, na biashara ikahamia Bagamoyo. Baada ya asubuhi ile ya kutembea kwenye tope, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Kuna nguzo moja ya kaburi tuliyoisimamia kwa muda mrefu. Juu yake kuna vishimo vya mviringo, kina chake si zaidi ya nusu ya kiganja, na ndani ya kila kishimo chokaa bado inaonyesha alama ya ukingo wa bakuli. Humo ndimo walimopachika bakuli za kauri zilizotoka China, zikivushwa bahari kwa upepo wa msimu. Bakuli zenyewe hazipo tena pale, chokaa tu ndiyo inayokumbuka umbo lake. Binti yetu aliweka kiganja chake karibu na kishimo bila kugusa, akapima, akasema bakuli lile lilikuwa dogo, la kutosha uji wa mtu mmoja. Bibi akamwonyesha ukuta: lile si jiwe la mlimani, ni tumbawe, na chokaa ile ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuru. Utotoni aliwaona wazee wakichoma chokaa hiyo, kuni zimepangwa duara, moto unawaka usiku kucha. Kumbe hata ukuta umetoka baharini.

Kaole ni mahali pa ibada pia, na hilo watu huwa hawawaambii watoto. Kwenye kaburi la Sharifa watu huja hadi leo kuomba dua. Tulijifunga khanga, tukapunguza sauti, na nikamweleza kijana wetu kwamba ukuta wa kaburi haukaliwi wala haupandwi, hata ukiwa umebomoka. Alielewa mara moja aliponiona na mimi nimeacha kupiga picha.

Jambo zito la Bagamoyo ni utumwa, na mzazi anayekwenda pale na watoto lazima aamue mapema atalisemaje. Mimi na mume wangu tulikubaliana tusilimalize mbele ya vioo vya makumbusho, watu wanapita, jua kali, mtoto ana kiu. Mchana tulitazama tu. Kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, tuliuona mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo ambacho shina limekimeza. Watoto walidhani ni mnyororo wa watumwa, lakini inasimuliwa kwamba mama mmoja wa misheni alikuwa akimfungia hapo punda wake. Tuliuona mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa mvumbuzi na mmisionari David Livingstone ulifikishwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara, miezi mingi njiani. Tulipita palipokuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani.

Usiku, chai imeshanywewa na taa ya kambi imepunguzwa, ndipo maswali yalipokuja. Gizani mtoto huuliza kwa uhuru, kwa sababu hakuna anayemtazama usoni.

"Mama, waliobeba pembe za ndovu ndio hao hao watumwa?"

Nikamjibu binti yetu nilivyojua: wapagazi wengi wa misafara iliyoleta pembe hizo kutoka bara, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na walijulikana kwa nguvu na ufundi wa safari. Lakini katika misafara hiyo hiyo walikuwemo watu waliotekwa, wanaume, wanawake na watoto wa umri wake, waliofikishwa hapa pwani wakavushwa kwenda Unguja. Nikamwambia kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Unguja, na kwamba biashara haikufa siku ile, iliendelea kwa kujificha, hasa bandari ndogo kama Pangani. Akanyamaza. Kisha Bibi akasema, taratibu, kwamba kwao wazee hawakupenda kulizungumza jambo hilo, na kwamba zipo familia ambazo hadi leo huwezi kuuliza babu yao alitoka wapi. "Ukiwa mgeni mahali, usimuulize mtu asili yake kwa udadisi," akamwambia mjukuu wake. Sikuwa na la kuongeza. Makumbusho hayawezi kumpa mtoto maneno kama hayo. Yalitoka kwa mtu wake mwenyewe, ameketi naye mkeka mmoja.

Sasa niseme kuhusu kambi yenyewe, maana hema likianguka usiku historia yote inasahauliwa. Mwezi wa sita ni msimu wa kusi, na upepo huo hutoka kusini bila mzaha. Mlango wa hema tuliugeuzia upande wa pili, na vigingi vya kawaida tukaviacha ndani ya mfuko, kwa sababu kwenye mchanga laini havishiki. Tulijaza mchanga kwenye viroba vitupu vya unga, tukavifunga kamba za hema, tukavifukia hadi kiwiko. Havikutikisika. Pa kusimamisha hema hupimwa kwa mstari wa mwani: maji ya jana yaliishia pale palipoachwa mwani na vijiti, na kama bamvua ndiyo inakaribia, ujue kesho yatapanda zaidi. Chini ya mnazi hatulali, nazi haitoi taarifa. Chini ya mvinje ni pazuri, kivuli kipo na sindano zake hufanya godoro, ila jiko la mkaa lazima likae mbali, kwa sababu sindano zile kavu hushika moto upesi. Karibu na mikoko, jua linapozama, visubi huamka. Suruali ndefu na soksi ndizo dawa. Maji ya kunywa na kupikia tulihesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ndani ya madumu, na hatukujuta.

Saadani nitaipita upesi. Ni hifadhi ya taifa ya kipekee Tanzania kwa kuwa ndiyo inayogusa Bahari ya Hindi, na kulala hapo unasikia mawimbi upande mmoja na fisi upande mwingine. Watoto walipenda. Vyakula vyote vilikaa ndani ya gari, hakuna aliyetoka kwenda chooni usiku peke yake, na nguo za bluu na nyeusi zilibaki kwenye begi kwa sababu rangi hizo huwaita mbung'o. Wageni wengi huijua Saadani kwa tembo na twiga, wakati palikuwa na mji wa biashara na kiongozi wake Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani sambamba na Abushiri, kiongozi wa vita vya Pangani. Niliwaambia watoto jina hilo hapo hapo, ili wakifika Pangani wawe wanalijua.

Ushongo, kusini ya mto Pangani, ndiko tulikokaa muda mrefu, na kama ningeambiwa nichague kituo kimoja ningechagua hiki. Ufukwe ni mrefu, mivinje na minazi, na mbele yake baharini kuna Kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Nilimuuliza nahodha tutatoka saa ngapi. "Maji ndiyo yatakayosema, mama," akanijibu, na binti yetu akamwambia siku ile maji yatakupwa karibu saa saba mchana, kwa sababu siku zilikuwa zimesogea tangu mwezi mpevu. Nahodha alimtazama, akacheka kwa furaha, akamkalisha mbele ya mashua.

Maziwe ni fungu la mchanga mweupe. Maji yakijaa sana linazama lote. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa na miti, na Bibi ni mmoja wao: aliiona mivinje yake kutoka mbali akiwa msichana. Miti iliisha miaka ya 1980, bahari ikaula mchanga, na leo hakuna hata jani. Kasa hata hivyo bado hupanda kutaga pale, kwa hiyo mayai yao huhamishwa kupelekwa ufukwe wa Ushongo yasije yakazama. Tulibahatika kuwaona vifaranga wakitoka. Kifaranga ni mdogo kuliko kiganja cha mtoto, mweusi juu, tumbo jeupe, na mabawa yake ya mbele huchora mstari wa mikato mchangani huku akielekea majini. Tuliambiwa tuzime tochi na taa zote za kambi, kwa kuwa hufuata mwanga na wangetukimbilia sisi badala ya bahari. Nilimwona kijana wetu, ambaye hukaa kimya kwa nadra sana, amejishika mikono nyuma asije akasaidia.

Maziwe na Kaole vilisimama pamoja vichwani mwao. Kule bahari imekimbia mji, huku bahari imekula kisiwa. Binti yetu alichora ramani mbili kwenye daftari lake, moja ya zamani na moja ya sasa, na katika ramani ya sasa akaongeza mikoko na akafuta miti. Hakuna mtu aliyempa kazi hiyo.

Tulivuka kwa pantoni kutoka Bweni kuingia Pangani mjini. Bibi alisimama ukingoni mwa pantoni muda wote, akitaja nyumba moja moja: ile ya fulani, ile ilikuwa ghala, pale tulikuwa tukinunua mkate. Mji una milango ya mbao iliyochongwa, balkoni zinazoanguka, na nyumba nyingi zimeinamiana kwa uzee. Inaniuma kuona zikiachwa hivyo, mvua moja baada ya nyingine, wakati watu wa kuzielezea bado wapo hai. Hapa ndipo vita vilipoanza mwaka 1888, kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake na kutoza ushuru, na hapa ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa Desemba 1889. Watoto walikuwa wameshalisikia jina la Bwana Heri, kwa hiyo hadithi ya Abushiri haikuanzia hewani. Kijana akauliza kwa nini waligombea mji mdogo hivi. Dada yake akamwonyesha mto: mizigo yote ya bara iliyoshuka huku ilipitia mdomo huu.

Hapo Pangani sikufuata ratiba yoyote. Nilimwachia Bibi siku nzima. Aliongozana na wajukuu kutoka kibaraza hadi kibaraza, akawatambulisha, wakaamkia wazee waliomfahamu baba yake, na wakarudi kambini jioni wakiwa na mafenesi na majina ya mababu wasiowajua. Ukisafiri na mzee wa familia, mpe siku yake isiyo na mpango. Usimharakishe.

Tongoni, kabla ya kufika Tanga, kuna makaburi kama 40 na msikiti uliobomoka, mengi ya makaburi yakiwa na nguzo, nyingi zimeanguka. Tulifika mapema kabla ya joto. Katika mwambao huu ndipo Wareno wa Vasco da Gama walipoichoma meli yao wenyewe, São Rafael, mwaka 1499, mabaharia walipopungua kwa maradhi wasitoshe kuziendesha zote. Mume wangu alilisimulia hilo vizuri sana na watoto wakabaki wakibishana kama wao wangeichoma au wangeiacha. Tanga mjini tulikaa kidogo tu: boma la kale lenye makumbusho ya Urithi, samaki, kufua nguo, na mapango ya Amboni, ambako kijana wetu alijisikia nyumbani kuliko sisi wote.

Kwa mwenye watoto wadogo kuliko wetu, Saadani ningeisubirisha, kwa ajili ya mbung'o na safari za chooni usiku, na siku hizo ningeziongeza Ushongo. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Barabara za udongo huwa utelezi mtupu, na hema halikauki. Mnaotaka Maziwe, tafuteni kwanza siku ambayo maji yanakupwa mchana, ndipo mpange vituo vingine kuizunguka siku hiyo. Na mkifika Kaole au Tongoni, lipeni kiingilio na mchukue mwongozaji wa pale pale, mwacheni azungumze hadi amalize, halafu ndipo watoto waulize.